Isidor Rabi: Mtoto wa fundi wa mablauzi ambaye utafiti wake ulizaa MRI

Kama uliitazama filamu ya Oppenheimer ilipotoka mwaka 2023, huenda unamkumbuka yule jamaa mwenye miwani anayempa Oppenheimer chungwa na kumhimiza ale. Ni yeye pia anayemwambia avue magwanda ya jeshi kwa sababu yeye ni mwanasayansi, si mwanajeshi. Kwenye filamu anaonekana kama rafiki tu wa staa. Ukitoka sinema unamsahau.

Jina lake ni Isidor Isaac Rabi, na kwa maoni yangu kazi yake imegusa miili ya watu wengi kuliko bomu la Oppenheimer. Leo hii mtu akipatikana na saratani ya rektamu, yaani ile sehemu ya mwisho ya utumbo mpana kabla ya njia ya haja kubwa, daktari makini hashiki kisu kwanza. Humpeleka kwenye mashine ya MRI. Picha zinazotoka pale ndizo huonyesha ugonjwa umefika hatua gani, kama aanze na mionzi na dawa au aende moja kwa moja kwa upasuaji, na kama anaweza kuponea bila kubeba mfuko wa choo tumboni maisha yake yote. Msingi wa mashine hiyo ni jaribio ambalo Rabi alifanya miaka ya 1930, bila kuwa na mgonjwa yeyote akilini.

Alizaliwa Julai 29, 1898, katika mji mdogo wa Rymanów, ambao wakati huo ulikuwa chini ya milki ya Austria-Hungaria na leo uko Poland. Wazazi wake walikuwa Wayahudi wa dini kwelikweli, na maskini vilevile. Baba, David, alitangulia Marekani kutafuta riziki, kisha mama akafuata na mtoto mchanga mgongoni, tuseme, maana hawakuwa na kingine cha kubeba. Wakaishi New York, mtaa wa Lower East Side, katika nyumba ya vyumba viwili. Baba alishona mablauzi ya kike kwenye viwanda vile vya mshahara mdogo na saa nyingi. Baadaye, mwaka 1907, wakahamia Brownsville, Brooklyn, wakafungua duka la vyakula.

Hata hilo jina la Isidor lilitokea kwa bahati mbaya. Jina lake halisi lilikuwa Israel. Siku ya kumwandikisha shule, mama alimwambia karani kwamba mtoto anaitwa Izzy, na karani akadhani ni kifupi cha Isidor, akaandika hivyo. Likabaki hilo.

Nyumbani walizungumza Kiyidi na walisali sana. Kijana naye akagundua maktaba ya umma. Alianza kusoma vitabu vya sayansi kuanzia herufi A, akaangukia elimu ya nyota. Humo alikutana na maelezo ya Copernicus, kwamba dunia ndiyo inayozunguka jua, na majira hubadilika kwa sababu hiyo. Akarudi nyumbani na kuwatangazia wazazi kwamba mambo yote yanaelezeka kirahisi, kwa hivyo Mungu hahitajiki. Hebu fikiria kumwambia mama wa Kiafrika maneno hayo sebuleni! Wazazi wake hawakumfukuza. Walikubaliana njia ya katikati: badala ya sherehe ya kidini ya kubalehe kufanyika sinagogi, ilifanyika nyumbani, na kijana akatoa hotuba kwa Kiyidi kuhusu jinsi taa ya umeme inavyofanya kazi.

Akiwa bado shule ya msingi alijenga redio, na jarida moja la mambo ya umeme likachapisha makala yake fupi kuhusu kifaa cha redio alichobuni. Mawimbi ya redio yaweke akilini, tutayarudia.

Ukisoma maisha ya watu wa Nobel, mara nyingi unaona barabara iliyonyooka. Ya Rabi haikunyooka. Alijiunga na Chuo Kikuu cha Cornell kusomea uhandisi wa umeme, akabadili kozi na kuingia kemia, akahitimu 1919. Kisha akatarmaki. Viwanda vya kemia na vyuo vya Marekani wakati huo viliwafungia Wayahudi milango, hata wenye digrii nzuri. Alifanya kazi kidogo kwenye maabara, akawa karani wa hesabu, akakaa. Takriban miaka mitatu ikaenda hivyo. Alipokuwa na miaka 24 alirudi Cornell kusoma tena, na hapo ndipo aligundua kwamba kile alichokipenda ndani ya kemia kilikuwa fizikia tangu mwanzo.

Kisha mapenzi yakaingilia ratiba. Alikutana na Helen Newmark, mwanafunzi kutoka New York aliyekuja Cornell kwa masomo ya likizo. Helen aliporudi mjini, Rabi naye akahamia Chuo Kikuu cha Columbia, huko huko mjini, ili awe karibu naye. Ili apate pesa za kula, akawa anafundisha City College kama kibarua.

Kwenye utafiti wake wa udaktari ndipo tabia yake ilijitokeza. Alipewa kazi ya kupima jinsi fuwele za chumvi fulani zinavyoitikia sumaku. Wengine walikuwa wakizikata kwa uangalifu mkubwa na kuzipima kwa wiki nyingi za kazi ya kuchosha. Rabi hakupenda kazi ya kuchosha. Wakati fuwele zake zikiendelea kukua, aliketi na kusoma kitabu cha zamani cha Maxwell kuhusu umeme na sumaku, akapata wazo. Alitumbukiza fuwele ndani ya maji yenye chumvi nyingine, kati ya sumaku mbili, akawa anabadilisha ukali wa maji yale kidogo kidogo. Siku maji na fuwele vilipolingana katika kuitikia sumaku, ungeweza kuwasha na kuzima sumaku na fuwele isitikisike hata kidogo. Hapo unapima maji tu, unajua jibu la fuwele. Kifaa chenyewe kilikuwa cha bei ya chini na majibu yake yalikuwa sahihi kuliko ya waliotumia jasho. Alituma andiko lake Julai 16, 1926, na kesho yake akamuoa Helen.

Mwaka 1927 akaenda Ulaya, ambako fizikia mpya ya atomu ilikuwa inapikwa. Aliketi na kina Bohr, Pauli na Heisenberg, akakutana na kijana mwenzake Oppenheimer. Huko Hamburg alifanya kazi katika maabara ya Otto Stern, aliyekuwa fundi wa kurusha molekuli katika ombwe kama risasi na kuzipindisha kwa sumaku. Aliporudi, Columbia ikamwajiri mwaka 1929, kwa pendekezo la Heisenberg, wakati idara ya fizikia haikuwa na mwalimu Myahudi hata mmoja. Kama mwalimu wa darasani, wanafunzi wake wenyewe walisema alikuwa hovyo. Lakini alijua kutambua kipaji: ndiye aliyemvuta Columbia kijana Julian Schwinger, aliyekuwa anafeli masomo chuo kingine kwa kutohudhuria darasa, na ambaye baadaye alishinda Nobel.

Sasa njoo kwenye jaribio lenyewe. Ndani ya kila atomu kuna kiini, na viini vingi vina tabia ya sumaku ndogo sana inayozunguka. Umewahi kuchezea pia? Ikizunguka wima inatulia, lakini ukiigusa inaanza kuyumba, kichwa chake kikichora duara. Kiini kikiwekwa kwenye sumaku kubwa huyumba vivyo hivyo, na kasi ya kuyumba inategemea ni kiini cha aina gani na sumaku ina nguvu kiasi gani. Rabi alitaka kuipima kasi hiyo. Kwa nini? Kwa sababu haikuwa inajulikana. Hakuwa na sababu nyingine. Fedha zilikuwa chache. Zilianza kutosha pale mkemia mwenzake Harold Urey alipopata pesa za utafiti kutoka taasisi ya Carnegie na kumgawia nusu, jambo ambalo sijawahi kusikia mhadhiri yeyote akimfanyia mwenzake.

Yeye na kikundi chake walitengeneza bomba refu lililonyonywa hewa yote. Upande mmoja palikuwa na jiko dogo la kuchemsha chumvi ya lithiamu hadi molekuli zitoke kupitia ufa mwembamba na kuruka. Sumaku ya kwanza ilizipinda upande mmoja, sumaku ya mwisho ikazirudisha njiani, zikatua kwenye kifaa cha kuhesabu. Katikati waliweka sumaku tulivu pamoja na waya uliotoa mawimbi ya redio. Mwaka 1937 Mholanzi Cornelis Gorter, aliyekuwa amejaribu jambo kama hilo bila mafanikio, alimtembelea, na mazungumzo yao yakamsukuma Rabi kuharakisha. Wakawa wanabadilisha nguvu ya sumaku polepole huku mawimbi yakipiga. Kisha, mahali pamoja tu, hesabu ya molekuli ikaporomoka. Kasi ya mawimbi ilikuwa imelingana na kasi ya kuyumba kwa viini. Viini vikapinduka, molekuli zikapotea njia. Ni kama kumsukuma mtoto kwenye bembea: ukisukuma wakati usiofaa haendi popote, ukilenga mdundo wake anapaa.

Walichapisha matokeo mwaka 1938. Hiyo ndiyo mwangwi wa sumaku ambao herufi za MRI zinautaja mpaka leo. Mwaka 1944 Rabi akapewa Nobel ya Fizikia peke yake. Vita vilikuwa vimepamba moto, hivyo hakwenda Stockholm. Alipokea tuzo hapo hapo New York.

Wakati wa vita alikuwa MIT akitengeneza rada, silaha ambayo kwa imani yake ndiyo ingeamua vita. Oppenheimer alimwomba awe naibu wake kwenye mradi wa bomu, akakataa. Hakutaka karne tatu za fizikia ziishie kwenye silaha ya kuua halaiki. Alikubali kuwa mshauri tu, na alikuwepo jangwani New Mexico Julai 16, 1945, bomu la kwanza lilipolipuliwa. Wanasayansi walikuwa wamewekeana dau kuhusu ukubwa wa mlipuko; Rabi alichelewa, akakuta nambari iliyobaki ni tani 18,000 za baruti, akaichukua, akashinda. Mwaka 1954, serikali ilipomshtaki Oppenheimer kuwa si wa kuaminika, wapo waliojificha. Rabi alisimama mbele ya jopo na kumtetea bila kupepesa macho. Mwaka huo huo kituo cha utafiti cha CERN kilianzishwa kule Geneva, kutokana na pendekezo alilolipeleka mkutano wa Unesco mwaka 1950.

Lakini turudi kwa mwangwi wake. Mwaka 1946 Felix Bloch na Edward Purcell, kila mmoja kivyake, waligundua kwamba hakuna haja ya bomba wala ombwe: unaweza kuusikia mwangwi huo ndani ya maji ya kawaida. Na mwili wa binadamu ni maji kwa sehemu kubwa. Mwaka 1971 Raymond Damadian alionyesha kwamba uvimbe wa saratani kutoka kwa panya hutoa mwangwi tofauti na nyama nzima. Mwaka 1973 Paul Lauterbur akapata njia ya kugeuza mwangwi kuwa picha, na Peter Mansfield wa Uingereza akaifanya iwe ya haraka. Mwanzoni jina la teknolojia hiyo lilikuwa na neno nyuklia, kwa maana ya kiini cha atomu. Hospitali zikaliondoa kwa kuwa wagonjwa walilihusisha na bomu. Hakuna mionzi ya nyuklia mle, wala eksirei. Ni sumaku, ambayo kwa mashine nyingi ina nguvu mara 30,000 hivi kuliko ile ya dunia, na mawimbi ya redio yaliyo jirani na yale ya stesheni za FM unazosikiliza kwenye matatu.

Kwenye saratani ya rektamu, teknolojia hii ilikuta tatizo la zamani. Tangu 1932 madaktari walitumia mpangilio wa Cuthbert Dukes, mtaalamu wa maabara katika hospitali ya St Mark's, London. Aliigawa saratani hiyo kwa herufi: A ikiwa bado ndani ya ukuta wa utumbo, B ikiwa imetoboa ukuta, C ikiwa imefika kwenye tezi za limfu. Mpangilio mzuri sana, ila ulikuwa na shida moja: ili kujua herufi yako ilibidi rektamu iwe imeshatolewa na kukatwakatwa maabara. Daktari alijua ukubwa wa vita baada ya kupigana.

MRI iligeuza utaratibu. Rektamu imezungukwa na mafuta, na mafuta hayo yamefungwa na utando mwembamba, kama nyama iliyofungwa kwenye karatasi. Katika picha za MRI zinazotumika hapa, mafuta hung'aa meupe, msuli wa ukuta huwa mweusi, uvimbe huwa kijivu katikati, na ule utando huonekana kama mstari mwembamba mweusi. Daktari wa picha hufuata ule ujivu: umeishia ndani ya ukuta au umevuka na kuingia kwenye mafuta? Umeingia kwa milimita ngapi? Kuna mshipa wa damu uliovamiwa? Uvimbe umeukaribia utando kwa milimita moja au chini yake?

Milimita hiyo moja si mchezo. Tangu 1982, daktari Bill Heald wa Basingstoke alipoeleza upasuaji wa kuitoa rektamu pamoja na mafuta yake yote bila kuupasua utando, madaktari wamejua kwamba kingo zikibaki na saratani, ugonjwa hurudi palepale kwenye nyonga. Na saratani iliyorudi nyongani ina maumivu makali na ni ngumu kutibu. Mwaka 2006 utafiti wa MERCURY, uliohusisha zaidi ya wagonjwa 400 katika vituo 11 vya Ulaya, ulionyesha kwamba MRI inaweza kutabiri kabla ya upasuaji kama kingo zitakuwa safi. Kwa hivyo mwenye uvimbe ulioukaribia utando hupewa kwanza mionzi na dawa za kemotherapi ili upungue, ndipo apasuliwe. Mwenye uvimbe mdogo huepushwa na mionzi ambayo ingemletea shida za kibofu na za tendo la ndoa bure. Wapo hata ambao uvimbe huyeyuka wote kwa dawa, na madaktari wakaamua kuwafuatilia kwa karibu bila kuwapasua.

Haimalizi kila kitu, tusidanganyane. MRI hupata shida kutofautisha uvimbe mchanga sana na ule ulioingia kidogo kwenye msuli, na tezi ya limfu inaweza kuvimba bila saratani au kuwa ndogo huku inayo. Ini na mapafu hukaguliwa kwa kawaida na CT. Na kwanza kabisa, lazima mtu afike hospitali. Katika nchi nyingi saratani ya utumbo mpana inazidi kuwapata watu wa chini ya miaka 50, na kijana akiona damu kwenye choo hununua dawa ya bawasiri kwa duka la dawa, ananyamaza miezi kadhaa kwa aibu. Damu inayorudi, choo kilichobadilika ghafla, uzito unaopungua bila sababu: hayo ni ya kupelekwa kwa daktari akutazame, hata kama una miaka 25.

Rabi hakutabiri lolote kati ya haya. Alistaafu Columbia mwaka 1967, akazeeka akiwa mwenye utani na mdomo mkali, akiwaambia watu kwamba mama yake ndiye aliyemfanya mwanasayansi, kwa kuwa kila jioni hakumuuliza amejifunza nini shuleni bali kama ameuliza swali zuri.

Kisha saratani ikampata yeye. Katika siku zake za mwisho madaktari walimlaza kwenye kitanda cha MRI na kumsukuma ndani. Sehemu ya ndani ya mashine hiyo iling'aa kama kioo, na mzee aliuona uso wake mwenyewe ukimtazama. Alisema baadaye kwamba hakuwahi kufikiri kazi yake ingefika huko. Alifariki nyumbani kwake Riverside Drive, Manhattan, Januari 11, 1988, akiwa na miaka 89, miaka 50 tangu ile chumvi ya lithiamu ipotee njia ndani ya bomba.